Samaki Aliyeimbishwa

Mtaa mzima ulimwita kinyozi huyu Profesa, na yeye, maskini, aliamini anasifiwa. Alimfundisha fundi umeme habari za nyaya na mama mjamzito habari za uchungu, huku mashine ikinguruma sikioni mwa mteja asiyeweza kukimbia.

Saluni mpya ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, Profesa aliamua kwamba anachokosa ni kivutio. Kujifunza kunyoa vizuri hakukumjia akilini. Alibeba tangi la kioo kutoka sebuleni, pamoja na samaki wa rangi ya chungwa ambaye mkewe alimlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Mwanamke huyo alishinda kiwandani akishona sare, na jioni aliketi mbele ya samaki wake mpaka mgongo uache kuuma. Hakuombwa ruhusa. Aliambiwa tu, "Mama Pacha, biashara kwanza."

Tangi likawekwa juu ya spika. Ndiyo, juu ya spika. Mashine ya kupulizia maji hewa ikachomolewa, kwa kuwa mapovu, alisema bingwa wetu, yanachafua muziki. Wateja, wenye akili kama za mwenyeji wao, wakawa wanagonga kioo kwa funguo.

Samaki akapauka. Mapezi yakambana mwilini, akajisugua kwenye mawe kama mwenye upele, kisha akapanda juu na kubaki hapo, mdomo ukifunguka na kufungika usoni pa maji. Mtu yeyote mwenye macho angeona kiumbe kinachoteseka. Profesa aliona msanii.

"Mwoneni! Anaimba!" alitangaza. "Mdomo unakwenda na kiitikio."

"Wacha wee! Mpe maikrofoni basi," alidakia mteja mmoja.

"Nampa chakula. Msanii hali makofi."

Akamwaga kiganja kizima. Chakula kikazama, kikaoza, maji yakawa kama ya kuoshea mchele.

Habari zilifika kiwandani kupitia mteja mmoja. "Shemeji, hongera! Samaki wako mwimbaji."

"Anaimbia wapi? Chini au juu ya maji?"

"Juu kabisa, shemeji. Hashuki."

Mama Pacha aliacha cherehani na sare ikiwa bado chini ya sindano. Alipitia nyumbani kuchukua ndoo ya maji yaliyolala tangu jana, ambayo klorini, dawa ya kusafishia maji ya bomba, ilikuwa imekwisha kuyatoka, akaingia saluni bila hodi.

"Zima hiyo redio."

"Mama Pacha, wateja wana—"

"Zima, Baba Pacha! Huyu haimbi. Anakosa pumzi."

Akachomeka mashine ya hewa. Akachota uchafu, akapunguza maji kidogo, akaongeza ya ndoo polepole, akafunika kioo kwa shuka la kunyolea ili pawe na giza na utulivu. Profesa, ambaye ujinga haukuwahi kumnyamazisha, akapata wazo.

"Mwaga yote, tuweke ya bomba. Na tone la spiriti, liue vijidudu."

"Wewe ukiwa mgonjwa nikakutoa kitandani nikakutupa mtoni, utapona?"

Wateja walicheka. Mkewe hakucheka, alikuwa ameinua pembe ya shuka, anachungulia. Kwa muda mrefu mdomo ule uliendelea kuhema. Halafu samaki akashuka kidogo, akashuka tena, na pezi la mgongoni likasimama.

"Mnaona?" alisema Profesa. "Nilijua tu. Sauti ilimkauka."

Mkewe alimtia samaki kwenye ndoo pamoja na nusu ya maji ya tangi, akaifunika, akaelekea mlangoni. "Beba tangi. Linarudi sebuleni."

Profesa alilikumbatia tangi barabarani, na kila aliyeuliza alielezwa kuwa joto la saluni haliwafai wasanii. Mkewe alitangulia kwa mwendo wa taratibu, maji yasitikisike, bila hata kugeuka kumkanusha.