Mapipa ya Kabichi ya Mlango wa Pili

Zdravka alikuwa na hofu za kila namna, na alizitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza maua dirishani. Aliogopa upepo unaopita kati ya milango miwili, aliogopa jiko la gesi, lifti, na mtu mwenye jasho anayekunywa maji baridi. Lakini vuli ile hofu zote hizo zilisogea kando kuipisha moja. Lyuben wa ghorofa ya nne, mwenyekiti mpya wa mlango wa pili, yaani wa familia zote zinazotumia ngazi moja ya jengo, alikuwa ametangaza kwamba mapipa ya kabichi yaondolewe kwenye ghala la chini ya jengo, ili wenye baiskeli wapate mahali pa kuziweka.

Huyo Lyuben alitoka Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, na mtu wa Sofia akihamia mji wa mpakani kama Ruse hudhani ameletwa na Mungu kuwafagilia watu nyumba.

Sasa, Zdravka alikuwa na mtoto mmoja tu, Svilen, fundi bomba huko Stuttgart. Kila Mwaka Mpya Svilen huja na mkewe na watoto. Mara ya mwisho, akiwa mlangoni na mabegi, alimwambia mama yake, "Mama, kule kwetu kila kitu kipo. Sisi huja kwa ajili ya kabichi yako tu." Alikuwa anatania. Lakini Zdravka hajawahi kumwelewa mtu anayetania huku ameshika begi la safari. Alilichukua neno lile akalikalia mwaka mzima kama kuku. Hesabu yake ilikuwa fupi: bila pipa hakuna kabichi chachu, bila kabichi chachu hakuna majani ya kufungia nyama na mchele, na bila sarmi Svilen atafuata nini Ruse? Mto Danubi hata Wajerumani wanao.

Basi akaanza kuwapeleleza majirani. Mwezi wa kumi, lori la kabichi lilipokuja, alisimama nyuma ya pazia akaangalia nani ananunua na nani anapita akijifanya anaongea na simu. Kufikia siku ya mkutano wa kulipigia kura jambo hilo alikuwa anajua kila mkono utanyooka upande gani. Wenye mapipa na wenye baiskeli walikuwa sawasawa. Aliyebaki ni Genoveva wa ghorofa ya pili, mjane wa fundi cherehani. Huyu alikuwa na pipa, na alikuwa na mjukuu mwenye baiskeli, na zaidi ya vyote alipenda watu wasijue anawaza nini. Alikuwa na umri wa kutosha kusema lolote, na meno ya kutosha kulitafuna lililofuata.

Kuhusu mume wake, Asparuh, Zdravka hakuwa na wasiwasi wa kura. Wasiwasi wake kwake ulikuwa mwingine, na wa zamani.

Kabichi ya pipa haichachi vizuri ikiachwa tu. Chumvi hutuama chini, juu kukaoza. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili tatu mtu hushuka ghalani, hutumbukiza mpira mrefu mpaka sakafuni mwa pipa, na kupuliza kwa mdomo mpaka maji ya chumvi yatokote kama uji. Ni kazi ya wanaume, kwa sababu wanaume wana upepo mwingi na kazi chache. Majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao, ule mwaka themanini na tano ambapo umeme ulikuja kwa zamu, Asparuh alishuka kupuliza bila kukosa. Na bado kabichi ikaoza. Ikawa laini, ya kijivu, ikanuka mpaka paka wa jengo wakahama.

Tangu hapo Zdravka alimpiga marufuku. Alisema mdomo wa Asparuh una mkosi, na hakusema kwa siri. Alisema ngazini akipanda na mifuko, alisema ngazini akishuka na takataka, na kila mwenye masikio akajua. Majirani wakawa wanamwomba Asparuh asipige mwayo karibu na ghala. Kwenye harusi moja walimtoa mbali na keki. Naye, aliyeendesha basi la umeme, lile linalovuta umeme kwenye nyaya za barabarani, maisha yake yote mpaka akastaafu, aliyapokea maneno hayo kama dereva anavyopokea mvua: anafuta kioo, anaendelea.

Mkutano uliitishwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, humo humo ghalani, kati ya mapipa na baiskeli. Lyuben alikuwa amejiandaa. Alizungumzia harufu, alizungumzia usafi, alizungumzia Ulaya, kana kwamba Ulaya ilikuwa imesimama nje ikisubiri kabichi itoke ndiyo iingie. Hakuna aliyemsikiliza. Katika mlango ule mkutano hauwezi kuanza kabla mtu hajakumbuka baridi ya zamani, na mzee Tsanko wa ghorofa ya chini alikuwa ameshagusa bomba la joto na kukuta halina joto.

"Hii nayo ni baridi?" akasema Tsanko. "Hii ni baridi ambayo bado inanyonya."

Ikawa basi tena. Tsanko akawapeleka mwaka hamsini na nne, theluji ilipofika madirisha ya ghorofa ya kwanza na watu wakatokea madirishani kama wezi. Wakachimba njia kwenye theluji mpaka kwa muoka mikate, nyembamba hivi kwamba watu wawili wakikutana hakuna anayeweza kupita wala kugeuka. Humo ndimo alimopatia mke wake wa kwanza. Walikwama uso kwa uso, na mpaka waliokuwa nyuma walipomaliza kugombana nani arudi, yeye alikuwa ameshajua jina lake, kwao, na alichokula asubuhi.

Genoveva hakukubali kuachwa nyuma. Mwaka ule ule, akasema, akiwa msichana mdogo, baba yake alimshika mkono wakavuka Danubi kwa miguu juu ya barafu mpaka ng'ambo kwa Waromania, wakapewa uji wa mahindi, wakarudi kabla ya giza.

"Mwaka jana ulipotusimulia ulifika katikati tu, Genoveva," Tsanko akamkumbusha.

"Mwaka jana barafu ilikuwa nyembamba."

Watu wakacheka, na Lyuben akatumia kicheko hicho kuingiza neno kuhusu baiskeli, lakini likazama. Walikuwa wameshafika kwenye matembezi ya Jumapili, wakati mji mzima ulipopanda barabara kuu kwa upande mmoja na kushuka kwa mwingine, kuona na kuonwa, wasichana wamevaa viatu vya ngozi laini kwenye barafu kwa sababu buti hazina maringo. Genoveva akasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akishonea magazeti ndani ya makoti ya watu ili yapashe joto. Mtu akipita unamsikia anavyokwaruza. Gazeti la chama ndilo lililokuwa na joto kuliko yote, kwa kuwa lilikuja kwa fundi bila kufunguliwa. Lyuben akajitahidi kusema kwamba hata Sofia kulikuwa na baridi kali, wakamtazama kwa huruma kama mtoto anayesema naye amewahi kuumwa jino.

Zdravka hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa Genoveva, ambao ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na haukuonyesha dalili ya kutoka.

Ndipo wakafika mwaka themanini na tano. Wakakumbuka supu zilizopikwa mbio kabla ya taa kuzima, na jinsi Asparuh alivyokwama na basi lake limejaa watu katikati ya barabara, umeme umekatika, abiria mmoja akafungua soseji, mwingine mvinyo, na umeme uliporudi hakuna aliyetaka kufika alikokuwa akienda. Asparuh alitabasamu kidogo. Genoveva naye akaanza kucheka peke yake, kile kicheko cha mtu ambaye neno limemfika mdomoni na hawezi tena kulimeza.

Akasema mwaka ule alikula kabichi tamu ambayo hajaila tena maishani, na wala hakuipuliza hata mara moja. Aliwahi kushuka ghalani wakati umeme umekatika, na kabla hajawasha mshumaa akasikia maji yanatokota gizani. Alikuwa Asparuh, magoti chini, mashavu yamejaa, anapuliza pipa lake yeye Genoveva kwa moyo wote. Wiki hiyo Genoveva alikuwa amelisogeza pipa lake upande wa ukuta, pakavu zaidi, na la wale wanandoa wapya akalisukuma mbele kidogo. Asparuh alikuwa anahesabu mapipa kwa kupapasa.

"Nikasema, mtu anafanya kazi yake vizuri, mimi ni nani nimkatize," akamalizia Genoveva. "Akapuliza mpaka mwisho wa baridi."

Tsanko ndiye aliyesema kwamba yeye wakati ule aliwalaani Waromania kwa ile harufu. Mji mzima ulikuwa ukilalamikia moshi wa kiwanda chao cha ng'ambo, na ngazi nzima ilifunga madirisha ili harufu isiingie, kumbe ilikuwa inafungiwa ndani.

Zdravka akamgeukia Genoveva.

"Shangazi," akasema, "umenisikia miaka yote hii ninavyomsema mume wangu ngazini. Kitu gani kilikuzuia kuniambia?"

"Mwanzoni nilitaka aendelee kunipulizia. Vuli iliyofuata nilimsubiri kabisa, hakuja, ulikuwa umeshampiga marufuku." Genoveva akainua mabega. "Baada ya hapo, mwanangu, nilikuwa nasikiliza tu. Redioni hakukuwa na kitu."

Maneno aliyokuwa nayo Zdravka kwa ajili ya Genoveva yalikuwa mengi, na mengine alikuwa ameyatunza tangu kwa mama yake bila kuyatumia. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Lyuben anahesabu vichwa kwa macho, na midomo yake ikienda. Akamwona Svilen huko Stuttgart, yuko mezani Mwaka Mpya, anakula kitu cha kopo. Akaufunga mdomo kwa nguvu hivi kwamba meno yaligongana.

"Tupige kura," akasema.

Wakapiga. Wa mapipa wakanyoosha, wa baiskeli wakanyoosha, ikawa sare kama alivyojua itakavyokuwa. Wote wakamgeukia Genoveva, na yeye akafurahia kutazamwa, kama enzi za matembezi ya Jumapili.

"Niko upande wa mapipa," akasema, "lakini kwa sharti. Asparuh apulize na langu. Huu si umri wangu wa kupuliza."

Kicheko kikalipuka, na Zdravka akapumua. Akamgeukia mume wake amwambie aseme ndiyo, jambo lenyewe liishe. Asparuh alikuwa hamtazami Genoveva wala mtu mwingine. Alikuwa anamtazama yeye, na kwa muda wote ule kumbe ndivyo alivyokuwa.

"Mdomo wangu si una mkosi?" akauliza taratibu.

Katika maisha yake Zdravka alikuwa amewaomba radhi madaktari tu, kwa kuwasumbua. Akatazama sakafu, akatazama mpira uliokuwa umening'inia kwenye msumari.

"Hauna," akasema. "Ulipuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."

"Humu ndani hukunisema," akasema Asparuh. "Ulinisema ngazini. Kaseme ngazini."

Zdravka akafunga kitambaa shingoni, kwa sababu ngazini kuna upepo, akatoka ghalani, akasimama kati ya mlango wa chini na dirisha lililovunjika, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa akiwakataza watu kusimama. Akasema kwa sauti ya kupanda ghorofa zote kwamba Asparuh hana mkosi mdomoni, hajawahi kuwa nao, na kwamba kabichi ya mwaka themanini na tano ilioza kwa sababu haikuguswa na mtu. Juu kule mlango ukafunguliwa, mtu akauliza kama maji yanakatwa. Akajibiwa hapana, ni Zdravka tu. Mlango ukafungwa.

Aliporudi, mkono wa Genoveva ulikuwa umeshatoka mfukoni, uko juu. Lyuben akaambiwa baiskeli zitaning'inizwa kwenye mabomba ya dari, juu ya mapipa, na kwamba hakuna haja ya kununa, chumvi haipandi huko.

Siku iliyofuata Zdravka akampigia Svilen kumpa habari njema, kwamba pipa limesalimika na aje bila wasiwasi. Svilen hakuelewa pipa lipi. Tiketi alishakata tangu kiangazi, akasema, zilikuwa rahisi. Watoto wanataka kuteleza kwenye theluji kama ipo. Na kabichi mama asifunge nyingi, siku hizi inampa gesi.

Zdravka akakaa na simu mkononi, akiwa hajui amkasirikie nani. Mlango ukafunguka. Asparuh aliingia kutoka ghalani, mashavu mekundu, jasho limemtoka kwa mapipa mawili, akaenda moja kwa moja kwenye bomba akakinga glasi ya maji baridi. Mara hii hakumkataza.

"Ni Svilen huyo?" akauliza. "Ameulizia kabichi?"

Alimtazama mumewe vizuri. Mwanamume akijua kazi yake haina ulazima, pumzi humwisha siku hiyo hiyo.

"Ameulizia," akasema Zdravka. "Anasema uongeze bidii."