Sauti Ndani ya Plaiwudi

"Ukuta nikiusimamisha mimi, hata amina haipiti!"

Randa aliyasema hayo mbele ya usharika mzima, mkono kiunoni, na watu wakapiga makofi kama vile ametangaza harusi. Alikuwa fundi seremala, jina akalipata kwa randa yake ya kulainishia mbao, na tena mzee wa kanisa. Usharika ulikuwa umegawanyika kwa wachungaji wawili, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyewekewa mikono kihalali. Upande huu mitume ni wao, upande ule mitume ni wao. Mitume wenyewe hakuna aliyewauliza. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuhama, jengo likakatwa katikati, kutoka madhabahuni hadi nyuma, kila upande na mlango wake.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikwenda upande wa pili. Siku ya ujenzi alimkuta Randa akipigilia misumari.

"We mtoto, hata kabati langu hujanimalizia, leo unajenga ukuta?"

Randa akapigilia msumari mwingine.

Jumapili ya kwanza ukuta ukamuumbua. Pande zote mbili zilifika kwenye kanuni ya imani kwa pamoja: Kanisa moja, takatifu, la ulimwengu wote, la mitume. Dada mtu alikuwa mzito wa kutamka tangu utotoni. Wenzake wameshafika "takatifu," ndipo sauti yake inatua peke yake nyuma ya ubao: "moja."

"Mzee," wakamcheka, "amina haipiti, ila dada yako anapita!"

Akabandika magodoro ya sponji. Akaongeza plaiwudi ya pili. "Moja," ikaja vilevile.

"Si ukamsalimie tu, baba nanihii?" mkewe akamwambia. "Ni nyuma ya ubao hapo."

Hakwenda. Mzee wa kanisa akionekana kwa waasi anavuliwa uzee. Hata dada alipolazwa, hakwenda.

Dada akafa. Ibada ya mazishi ikafanyika upande wake. Randa alikaa upande wa huku katikati ya viti vitupu, shavu limebanwa kwenye sponji, akitafuta walau jina la dada likitajwa. Hakusikia kitu. Siku hiyo ukuta ulifanya kazi.

Jumapili iliyofuata, wote walipofika "takatifu," nyuma ya ubao ikaja: "moja."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kwaya akakaa chini bila kuambiwa. Wiki nyingine, tena. Wengine wakasema ni mwangwi, wengine wakasema wale wa pili wanawachezea. Kabla hawajalalamika, wale wa pili wakatuma mtu: acheni kumwigiza marehemu wetu. Wao walikuwa wanaisikia ikitokea huku.

Randa akakonda. Randa ya kazini ikawa inamtoka mkononi, na anayemsemesha anajibiwa baada ya muda, kama mtu anayesikiliza simu nyingine. Mwishowe akaenda kwa mchungaji.

"Nataka kutoboa mlango kwenye ukuta."

"Ukitoboa, mzee, wale wataingia."

"Kuna mtu yumo katikati, mchungaji. Hayuko kwao, hayuko kwetu."

"Ukiugusa ukuta, uzee basi."

"Basi."

Jumatatu mchana akaukata. Vumbi la mbao likatapakaa pande zote mbili, na watu wakachungulia kutoka huku na kule bila kusalimiana. Ndani ya ukuta hamkuwa na kitu, sponji tu. Akaenda dukani.

"Mlango unafungukia wapi, fundi?" muuzaji akauliza.

"Kote kote."

Muuzaji akaandika risiti: bawaba za kufungukia pande zote, jozi moja, elfu kumi na nane.