Vikombe vya Shemeji

Wiki ambayo mke wa ndugu yangu alikuwa akijiandaa kurudi kijijini kwetu magharibi kukaa kabisa, nilipiga taipu barua moja mara kumi na moja. Ilikuwa barua ya kumshukuru mtu ambaye kila jioni aliketi hatua tatu kutoka kwangu, katika vyumba vyetu viwili vya kupanga Riruta, akichambua mboga.

Ndugu yangu ni mpishi katika nyumba moja ya Karen na hulala huko huko. Kwetu alikuja Jumapili. Kwa hiyo miaka ile minne nililelewa na mkewe. Nilifika bila kazi wala cheti. Nilijifunza kupiga taipu kwenye kadibodi ya sabuni: nilichora herufi zote kwa wino, nikawa nazigonga mezani jioni nzima bila sauti. Watoto wa ndugu yangu walicheka. Shemeji alisogeza taa ya mafuta upande wangu, yeye akakata mboga ya sukuma kwenye giza. Chakula kikiiva aliuliza, "Shemeji, umemaliza ukurasa, ama ugali ingoje?"

Kadibodi hiyo ndiyo iliyonipa kazi katika ofisi mjini, ghorofa ya nne. Karatasi zangu hazina alama ya kifutio. Nikikosea herufi moja, nachomoa karatasi na kuanza upya. Bosi hudhani ni bidii. Ni hofu. Naogopa siku moja mtu ataona herufi moja imekaa vibaya, ajue kwamba sikufundishwa popote.

Sasa mama yetu alikuwa hawezi tena kulima, na nyumba ya mabati kule kijijini ilikuwa imekwisha kujengwa. Shemeji na watoto walitakiwa kufika kabla ya mvua. Sikuulizwa, na kama ningeulizwa sijui ningejibu nini. Nilijua tu kwamba Ijumaa watu wa kanisa na majirani tuliopanga nao ploti moja wangekuja kumuaga, na kwetu kila mtu wa nyumba husimama akataja jambo alilotendewa na anayeondoka.

Ndipo nikaanza kuandika, saa za chakula cha mchana. Barua ya kwanza ilitaja taa. Ya pili ilitaja siku niliyougua malaria, akanibeba mgongoni mpaka Dagoretti Corner kutafuta gari, mimi mtu mzima mwenye ndevu, na watu njiani wakimcheka. Lakini kila barua ilikuwa na kosa, na kila nilipoanza upya nilipunguza maneno ili nipunguze mahali pa kukosea. Zilizoharibika niliogopa kuziacha kwenye pipa la ofisi. Nilizikunjakunja, nikazibeba nyumbani, nikazitupa kwenye kikapu cha makaa zitumike kuwashia moto.

Ya kumi na moja haikuwa na doa. Ijumaa nilisimama mbele ya watu, nikasoma:

"Kwa heshima nakujulisha kwamba huduma zako za miaka minne zimepokelewa kwa shukrani."

"Ngai!" akasema mama mwenye ploti. "Huyu anamfuta kazi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Shemeji naye alicheka, leso mdomoni.

"Mwacheni shemeji yangu," alisema. Kisha akanigeukia. "Hiyo ni ya bosi wako. Na wewe unasema aje?"

Taa ilikuwa pale pale mezani. Ningeinyooshea kidole tu, angeelewa. Nilifungua mdomo.

"Ni hivyo tu," nilisema, nikaketi.

Asubuhi yake, kwenye kituo cha mabasi, nilikuwa nimebeba sanduku la vyombo. Kamba ililegea, kifuniko kikainuka, nikaona vikombe vyake sita vimefungwa kwa karatasi nyeupe. Niliitambua mikunjo ya barua zangu zilizoharibika.

"Shemeji, hizi ni takataka."

"Takataka gani? Karatasi safi hivi! Gazeti linaacha wino kwa kikombe."

"Ngoja nikutafutie nyingine."

"Basi linaondoka, na wewe unataka kufungua vikombe hapa? Funga kamba, bwana."

Alisoma hadi darasa la nne. Angeweza kuzisoma, polepole, kama angetaka. Pengine alikuwa ameshazisoma akizinyoosha kule jikoni. Nilimwangalia usoni, nikaona tu mtu anayehesabu watoto na mizigo. Nilifunga kamba. Sanduku likapandishwa juu ya basi, likafunikwa turubai.

Baada ya mwezi ilikuja barua ya shemeji, mwandiko wake mwenyewe. Mvua imeanza vizuri. Mama anakusalimu. Vikombe vimefika, ila kimoja kimevunjika mkono, nakitumia kupimia unga. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, mbele na nyuma. Kuhusu karatasi hakuandika neno, nami nimeshaanza majibu mara tatu.