Radhi za Bimkubwa na Vidonge vya Rangi Mbili

Iko asubuhi moja nnaikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilifanywa barua nami ni mtu mzima mwenye mume. Nilikuwa jikoni kwetu Ruwi, mjini Maskati, nachuja chai. Wifi yangu Nasra alikuwa kuliani kwangu anajifunga mtandio aende kazini. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tulikuwa tukimwita Bimkubwa, alikuwa kushotoni kwenye kiti chake. Mama na binti yake walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, lakini hawasemezani. Kila mmoja anazungumza na mimi.

"Mwambie huyo nesi wa Serikali kifua changu hakikulala."

"Mwambie Bimkubwa gari ipo hapo nje, nimpeleke kwa daktari sasa hivi."

"Mwambie daktari nnaye humu ndani, nimemzaa mwenyewe."

Nikageuka huku, nikageuka kule, na kichujio mkononi. Sikuwahi kufikisha neno hata moja, maana lilikuwa limeshafika kabla sijafungua mdomo.

Kabla sijaendelea nikwambie ukweli. Mimi skuli niliishia darasa la saba, na haya ya sheria za wauguzi ntakayokusimulia ni kama nilivyoyaelewa mimi, kwa kuuliza uliza. Ukimpata anayejua zaidi, mfuate yeye, uniwache mimi.

Nasra alisomea uuguzi Unguja, kisha akapelekwa Pemba, kwenye kituo kidogo cha shamba. Kule alikuwa peke yake. Mgonjwa akija anampima yeye, anaichagua dawa yeye, anamhesabia vidonge yeye. Daktari alikuwa akija gari ikipata mafuta. Watu wakamwita Daktari Nasra, na mama yake wakamwita Mama Daktari, naye Bimkubwa jina lile alilivaa kama kanga mpya. Kisha mwanzoni mwa miaka ya tisini tukahamia Maskati kwa jamaa zetu. Nasra akatazamwa vyeti vyake, akatahiniwa, akapewa ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi. Na ruhusa ile, mwanangu, si neno tupu. Inasema mkono wako ufanye nini na usifanye nini. Apige sindano, afunge vidonda, apime presha, atoe dawa iliyoandikwa na daktari. Kuiandika dawa mwenyewe, hapana.

Bimkubwa hili halikumwingia akilini. Na mimi, nisiseme uongo, halikuniingia vilevile.

Ikatokea akashikwa na kikohozi kikavu, kile cha kukwaruza kooni, kisichotoa kitu. Lau kingekuwa kikohozi tu angekivumilia. Lakini kila Alkhamisi baada ya alasiri wanawake wa jirani walikuwa wakija kwetu kusoma Yasin, na Bimkubwa ndiye msomaji wao. Sauti yake ilikuwa tamu, na pumzi ndefu. Sasa akianza, kikohozi kinamkata njiani, mwengine inambidi apokee. Alkhamisi ya mwisho alisoma aya chache tu, akaufunga msahafu, akasema amechoka. Nilimwona machozi. Alitaka vile vidonge vya rangi mbili, vyekundu na vyeusi, ambavyo Nasra alikuwa akimpa Pemba. Akaviomba kwa upole. Nasra akamjibu kwa upole kwamba hawezi. Akaviomba tena. Hata ikafika asubuhi ile ya chai.

Basi Bimkubwa akaniangalia mimi, akasema polepole:

"Mwambie, mtoto niliyemnyonyesha ananinyima dawa kwa kuogopa karatasi. Nikienda na kikohozi hichi, radhi zangu asizitafute."

Mkono wa Nasra ukasimama juu ya mtandio. Wahenga wamesema radhi ni bora kuliko mali, na katika watu wetu sisi, mtu aliyekosa radhi za mama hata akijenga ghorofa tunamwona kama anaishi nje. Nasra akamaliza kujifunga. Akatoka bila ya kunywa chai, na chai yake ikabaki pale mezani. Sikuimwaga.

Mimi ugonjwa wangu ni kuuliza. Mchana aliporudi tulikaa tukiparua samaki, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza: wifi, kwani vidonge si vilevile? Vilipovuka bahari vimebadilika? Au mkono wako wa Pemba ulikuwa una akili, huu wa Maskati umepungukiwa? Akacheka kidogo, maana wifi na wifi hawakosi kutupiana. Nikaona nimepata mwanya, nikamtolea shauri langu, nalo nililiona la busara sana. Nikamwambia anitajie jina tu. Mimi ntakwenda dukani kununua, mkono wake haumo.

Akakiweka kisu chini.

"Wifi yangu, unaniazima mkono wako nifanye kwa siri nisichoweza kukifanya mbele ya watu. Dawa ikibidi ipite mlango wa nyuma, jiulize inamkimbia nani." Kisha sauti ikamlainika. "Jina la kile kidonge nnalijua. Kiasi chake nnakijua. Nisichokijua ni kikohozi cha mama yangu."

Sikuridhika. Niliona anaogopa tu. Mgonjwa haulizwi uji, nikasema moyoni, na huyu badala ya kumpa mama yake dawa anamtajia daktari. Pengine na wewe ungeona hivyo.

Baada ya alasiri Nasra alikwenda kukaa chini, kwenye mkeka, miguuni kwa mama yake. Mimi nilikuwa nakunja nguo pale pale, na hakuna aliyeniambia nitoke. Safari hii hakupitisha maneno kwangu.

"Mama, kule Pemba unajua nilikuwa nikilala vipi?"

Bimkubwa akatazama dirishani. Akasema mwanawe alikuwa akilala kama watu wanavyolala, kitanda cha besera na chandarua kizima.

"Nilikuwa silali. Kila nikimpa mtu dawa akaondoka, usiku wake nikisikilizia hodi. Ikipigwa, roho yangu inanambia ni yule, dawa imemdhuru. Na sina wa kumuuliza. Nikikosea hakuna wa kunambia umekosea, nikipatia hakuna wa kunambia umepatia. Watu wakiniita daktari, na mimi moyoni nasema, lau angekuwepo daktari."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi kuitwa Mama Daktari. Nikaona nisikuharibie."

Mwanangu, nimeona watu wakigombana na nimeona watu wakipatana, lakini sijawahi kuona uso ukibadilika kama uso wa Bimkubwa ulivyobadilika pale. Miaka yote ile alikuwa akijisifu kwa kile kilichokuwa kikimkosesha mwanawe usingizi. Akakohoa, akajipangusa mdomo kwa leso.

"Na huku unalala?"

"Huku nalala, Mama."

Kisha Bimkubwa akanigeukia mimi, kwa mara ya mwisho.

"Mwambie nnataka buibui langu lile jipya. Siendi kwa daktari na hili."

Tukaenda kesho yake. Daktari alikuwa kijana, Mhindi, mwenye subira. Akamuuliza Bimkubwa hali yake, Nasra akifasiri. Bimkubwa, kama tulivyolelewa sote, akajibu, "Alhamdulillah, mzima kabisa." Daktari akamtazama Nasra, Nasra akamtazama mama yake. Ndipo Bimkubwa akaongeza kwamba mzima, ila hapumui. Daktari akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza ni dawa gani nyengine anazotumia. Bimkubwa akatoa mkobani vidonge vyake vya presha, alivyoandikiwa kwengine kwenye hospitali. Daktari akataka kujua lini alivianza, na kikohozi lini. Tulipohesabu, vidonge vilitangulia, kikohozi kikafuata nyuma yake. Akasema zipo dawa za presha ambazo baadhi ya watu huwakohoza namna hii hii. Akambadilishia. Vile vyekundu na vyeusi hakuvitaja kabisa.

Garini nilimtazama Nasra nimuone kama ameona haya, au kama anafurahi kwamba alisema kweli. Sikuona haya, sikuona furaha. Alikuwa kama mtu aliyesikia hodi baada ya miaka mingi.

"Mimi ningempa vile vidonge," akasema. "Kwa moyo safi, na bismillahi juu yake. Visingemsaidia, na ningempa vyengine vikali zaidi."

Kikohozi kilichukua siku zake, kikaondoka. Alkhamisi moja Bimkubwa akaisoma Yasin yake mwanzo mpaka mwisho, wanawake wakamtikisia vichwa. Lakini neno la radhi halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Aliyelitoa hakulirudisha, na Nasra hakuthubutu kuliulizia. Lilibaki baina yao kama ile chai iliyopoa mezani.

Ningeweza kuishia hapa, ukaona sheria siku zote imesema sawa. Nitakuwa sikufanya haki. Baadaye Nasra alipelekwa kituo cha mbali, upande wa Yiti, wakati ule njia ya mlimani bado ya vumbi na mawe. Daktari alikuwa akienda kwa zamu. Siku moja akaletwa mzee kutoka kijiji cha Qantab hawezi kuvuta pumzi, kifua kinapiga filimbi. Dawa iko kabatini. Nasra anaijua, ameshawapa watu wengi kwa maandishi ya daktari. Daktari yuko njiani. Ikabidi apige simu, imkose, apige tena, mzee anageuka rangi mbele ya macho yake, mpaka daktari akapatikana akatoa idhini kwa mdomo. Mzee alipona, alhamdulillah. Lakini Nasra alirudi nyumbani amejaa hasira, si ile khofu ya Pemba.

Nikamuuliza: sasa wifi, ile sheria yako ya kulala usingizi iko wapi? Nakiri lilikuwa swali la kuchokoza. Akanijibu kwamba sheria imeandikwa na watu, na watu wana masikio. Tokea siku hiyo kila mkutano wa wauguzi anasimama, anauliza lile lile: dawa gani muuguzi aliyesomeshwa anaweza kuianza mwenyewe pale ambapo daktari yuko mbali, na nani atamtazama baada ya kuianza? Sehemu zote mbili za swali, kila mara. Wenzake wengine walitaka sehemu ya kwanza tu. Wakubwa wengine hawakutaka hata moja. Mimi nilimwambia atachoka. Hakuchoka, au alichoka na hakuniambia.

Ikapita miaka, tukaingia elfu mbili. Wauguzi, kama nilivyoelewa, wakawa na utaratibu wao uliokaa vizuri zaidi, wa kujisajili na kusimamiwa. Na kwenye vituo vya mbali kama kile chake ikaruhusiwa muuguzi aliyesoma na kutahiniwa aanze dawa chache za dharura kwa agizo la daktari lililoandikwa mapema na kuwekwa kituoni, kisha kazi yake ikaguliwe. Chache tu. Lakini ile ya kifua ilikuwemo. Nasra akakaa darasani ameshapindukia hamsini, miwani puani, na wasichana wenye umri wa kuwa wanawe.

Siku aliyopita mtihani alikuja moja kwa moja kwa mama yake. Bimkubwa alikuwa ameshazeeka, macho yamepungua, lakini masikio yote yapo. Nasra akamweleza kwamba sasa anaweza kuanza dawa mwenyewe, si zote, baadhi. Bimkubwa akauliza jambo moja.

"Na wa kukutazama yupo?"

"Yupo, Mama."

"Basi ni vizuri." Akatafuta kichwa cha mwanawe kwa mkono, akakipata. "Na ile radhi nilikurejeshea siku ile ya buibui. Sikukwambia tu. Niliona haya."

Nasra akalia, mtu mzima yule, kichwa juu ya magoti ya mama yake. Bimkubwa akamwacha kidogo, kisha akasema, "Haya, niandikie vyekundu na vyeusi."

"Havimo, Mama."

"Nilijua tu."

Basi mwanangu, nnalokuusia ni hili, na kama nimekosea mahali unisamehe. Ukiwa na ndugu muuguzi, au mwenye kazi yoyote yenye amana ya roho za watu, usimtake avunje ruhusa yake ili akuonyeshe mapenzi. Anapokwambia "hapana, twende kwa mwenye idhini," hakunyimi, anakuongezea jicho la pili. Penye wengi hapaharibiki neno. Na ukiwa wewe ndiye mwenye amana hiyo, usione kusimamiwa ni kudharauliwa. Mwogope zaidi mtu asiyetazamwa na yeyote, hata kama mtu huyo ni wewe. Lakini ukiona mpaka umewekwa pasipo pake na watu wanaumia, usiuruke usiku wala usikae kimya. Simama mlangoni uulize, kesho uulize tena. Kuuliza si ujinga. Mimi nimeuliza maisha yangu yote na bado sijui mengi.

Mola akujaalie mkono wenye ujuzi na jicho la kuutazama mkono huo. Akupe usingizi usiosikilizia hodi. Na radhi za wazee wako zikufikie mapema, zikiwa kwenye ndimi zao, usizingojee kama alivyozingojea wifi yangu. Zangu mimi unazo tokea leo. Amin.