Majina ya Kwaya Kwenye Kompyuta ya Parokia

Kiwanda cha madini cha mji wetu kilipopunguza watu, ofisi yetu ya mahesabu ilifungwa, nikabaki nyumbani. Mume wangu alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Mwanzoni salamu zake zililetwa na wafanyabiashara wa unga waliotoka huko. Baadaye wakawa wanakuja bila salamu. Majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa warudi kwao miaka ya nyuma, na waliohamia nyumba zao sikuwafahamu. Niliweza kushinda kutwa bila kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo paroko aliponiomba nifundishe watu kutumia kompyuta aliyoiacha padri mmoja mgeni, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mtandao hatukuwa nao. Tulikuwa na programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na kitabu cha Kifaransa cha lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Nikaanza kuiandikia kompyuta maelekezo mafupi ya kujifunzia: moja la kugeuza neno kinyumenyume, jingine la kutafuta namba kubwa kuliko zote, jingine la kupanga maneno kwa alfabeti. Kila moja tuliliita "kazi", na juu yake niliandika kwa Kiswahili inafanya nini, ili mwanafunzi asiogope.

Wanafunzi walihama mmoja mmoja. Akabaki mama mshonaji wa mtaa wa Kikula, mwimbaji wa kwaya ya parokia.

"Mama mwalimu," aliniambia Jumamosi moja kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, "kwaya yetu iko inaisha. Tuandike kazi ya kutuonyesha batu."

"Waliobaki?"

"Benye balibakia ninabajua. Niko nataka benye balienda. Tubaombee kwa majina yabo."

Tukaandika kazi ya kupokea orodha mbili, ya zamani na ya sasa, na kutoa majina yaliyomo katika ile ya zamani tu. Yeye alisoma, mimi nikachapa. Alipofika kwenye sauti za besi alinitazama kidogo, kisha akalisoma jina la mume wangu polepole. Nikalichapa.

Majibu yakatokea. Aliyapitia kwa kidole, mara akaruka.

"Ee! Inasema miye pia nilienda! Na niko hapa!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kosa lilikuwa dogo: katika orodha moja nilikuwa nimeacha nafasi tupu mwishoni mwa jina lake, na kwa kompyuta huyo alikuwa mtu mwingine. Nikaandika kazi nyingine ya kufuta nafasi kama hizo, tukajaribu tena. Jina lake likaondoka. Nilijikuta nikilitafuta la mume wangu, kana kwamba na yeye alipotea kwa kosa la kuchapa. Lilikuwa palepale.

"Huyu tutamuombea pia," mama mshonaji akasema.

"Ameenda kutafuta kazi tu."

"Ndiyo, mama."

Kabla ya mvua kuanza, mume wa mama mshonaji alipata shimo la kuchimba madini huko Kakanda, na mama akaja kuniaga. Jumamosi zilizofuata nilifungua chumba, nikapangusa vumbi, nikangoja. Umeme ukiwapo niliandika kazi mpya. Usipokuwapo nilikaa tu. Mwalimu mmoja kutoka Mulungwishi alipita akachukua nakala za kazi zangu kwenye disketi.

"Wanafunzi wako wapi?" aliuliza.

"Wanakuja," nikajibu.

Sikupata kujua kama kuna aliyeifungua disketi ile.

Halafu habari zikafika: mume wangu alikuwa ameoa huko Zambia, na alikuwa na mtoto. Aliyenieleza alikuwa na haraka ya kuuza unga wake. Nilikwenda moja kwa moja parokiani, nikaandika kazi ya kuhesabu herufi katika sentensi, nikawa naijaribu kwa sentensi yoyote iliyonijia kichwani. Paroko alikuja kufunga milango, akanikuta. Aliweka funguo mezani, akavuta kiti.

"Nionyeshe," akasema. "Lakini anza mwanzo. Miye sijui kitu."

Nikamfungulia ile kazi ya kwanza, ya kugeuza neno kinyumenyume.