Baba alivyotufuata porini siku mbili kwa sababu ya Tuzo ya Shaba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Leo nimefungua begi la zamani nikakutana na beji yangu ya shule, nikakaa chini nikalia. Mume wangu kaniambia niandike. Humu nikikosea ujue nimesahau, chumvi sijaongeza.

Ni enzi zile za ruksa. Mitumba ndiyo inaanza kujaa gulioni na pamba wameanza kuinunua watu binafsi. Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu, Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga. Nasoma bweni pale Bariadi mjini, nakaribia kuingia form two. Shule siitaji.

Mwalimu wetu wa jiografia, Madam Rehema, akarudi kutoka semina na programu mpya ya tuzo ya vijana.

Unajifunza ujuzi, unajitolea kwa jamii, unafanya mazoezi, halafu mnasafiri kwa miguu porini siku mbili mkijitegemea. Ngazi ya kwanza inaitwa Shaba, inafuata Fedha, halafu Dhahabu.

Mimi nilikuwa muoga, wakuu. Nikiitwa kujibu swali darasani sauti inapotea kabisa. Lakini hii nilijiandikisha wa kwanza, mpaka leo sijui nguvu nilitoa wapi.

Shida ikaja kwenye fomu ya mzazi.

Madam aliitafsiri mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Ikasomeka: "Mtoto atakwenda porini siku mbili, atalala nje, atapitia majaribio, na akifaulu atavishwa Shaba."

Mliokulia Usukumani najua mmeshacheka.

Kwa wasiojua, kwetu wapo wanaovaa bangili ya shaba kwa sababu mganga amesema wazee waliokufa wanamtaka huyo mtu. Anafanyiwa mambo yao, kisha anavishwa. Madam ni mtu wa Tanga, angejuaje? Na baba yangu ni katekista, kijijini kwetu Ipililo nzima inamjua.

Nilimpelekea fomu wakati wa likizo. Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mayu," akaniita, yaani mama, ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita hata binti yake. "Hii ni shule au ni ngoma?"

Nikasema ni shule.

"Basi shule hiyo mimi sirudishi mtu."

Alikuwa serious. Shule ikafunguliwa, mimi niko shambani napalilia pamba. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Wenzangu wanasoma, mimi na jembe. Nililia mpaka mama akaniambia sasa inatosha. Nilijilaumu mwenyewe na kiherehere changu.

Ndipo Madam akaja. Basi mpaka Maswa, akamalizia kwa baiskeli ya kukodi, vumbi mpaka kwenye kope.

Baba alimpokea vizuri kwa salamu zetu, mwadila, mwadila, akampa kiti na maziwa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, mkifika huko porini mnamwomba nani?"

Madam akafikiri. "Mzee, mimi nitamwomba Mungu mvua isinyeshe, maana mahema yenyewe ni maturubai yaliyotoboka."

Mama akaangua kicheko huko jikoni. Baba hakucheka.

"Atarudi shule. Ila siku ya kwenda huko na mimi nitakuwepo, nikaone."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Na kweli akaja. Sisi wasichana sita na Madam tuko mbele. Nyuma, hatua kama hamsini, baba na koti la kanisani, mwavuli mkononi, Biblia kwapani. Wenzangu wakampa jina la Mkaguzi. Tukisimama, anasimama. Tukishika ramani kichwa chini, anaangalia mawingu.

Alasiri ule udongo mweusi wa mbuga ukanimaliza. Mvua ilinyesha jana yake, kila hatua kiatu kinabeba tope. Nikaachwa na wenzangu kidogo kidogo, mwisho nikajikuta natembea na baba.

Akaanza kuongea, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Kwamba akiwa kijana aliugua sana. Mama yake akaenda kwa mganga, akaambiwa mwanao avae shaba. Baba alikuwa ameshabatizwa, akakataa. Akatibiwa hospitali akapona, lakini bibi aliona amewadharau wazee. Hakumsemesha tena mpaka anafariki.

"Bangili alikuwa ameshaitengenezesha," baba akasema. "Ya kipimo cha mkono wangu."

Miaka yote nilidhani ni mkali tu. Kumbe ana donda. Nilimhurumia mpaka nikasahau miguu.

Kesho yake tulipomaliza, akamwomba Madam kalamu akasaini ile fomu. Safari imeshaisha.

Beji zilikuja mwisho wa muhula, baba akahudhuria. Akaichukua yangu, akaikwaruza kwa ukucha.

"Mwalimu! Hii ni bati. Imepakwa rangi tu."

Akacheka mpaka machozi.

Wakuu, funzo naliweka hapa hapa, maana kipande kinachobaki huwa kinanishinda. Mzazi akikukatalia jambo, kabla hujamwona mshamba muulize kilichompata. Na walimu, mkitafsiri fomu wapeni wenyeji waisome kwanza. Mwenye mzazi aliyewahi kumfuata shule kwa namna yoyote aje atusimulie, nitawasoma wote.

Sasa mwisho wake.

Likizo ile, asubuhi moja baba akaniambia nivae sare na ile beji. Akanipeleka kwenye kaburi la bibi. Akavua kofia. Kisha akasema kwa Kisukuma:

"Mayu, mimi nilikataa. Huyu mjukuu wako amevaa."

Hakumwambia kwamba ni bati.