Nyasi za Mgeni

Harufu ya nyasi mbichi ndani ya nyumba haifanani na harufu ya nyasi za nje. Nje upepo huichukua ikapotea. Ndani, hasa wakati wa mvua madirisha yakifungwa, hukaa pale pale, ikachanganyika na moshi wa kuni na kahawa kavu iliyo guniani, mpaka blanketi lako na nywele zako zikanukia vivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoinusa mara ya kwanza, nyumbani kwa Mama Kemi, Muleba, na kusema kweli nilidhani wamemlaza ng'ombe sebuleni. Kwetu Voi sakafu hufagiliwa, basi. Hapa walikuwa wametandika nyasi laini ukuta hadi ukuta, nene kama godoro, na mama yangu akaninong'oneza nivue viatu. Mama Kemi alitupokea kwa mikono miwili, akatupa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, kisha akanikalisha kwenye kiti cha mumewe. Nyasi zile, alisema, zilikatwa asubuhi ile kwa ajili yetu. Nilijiona malkia, mjinga mimi.

Mama na Mama Kemi walisoma ushonaji pamoja walipokuwa wasichana. Baba yangu alikuwa amefariki, na mama alikuwa amepata kazi ya ndani Uarabuni, nami sikuwa na mtu wa kuachiwa pale nyumbani. Ndiyo maana tulivuka mpaka, siku mbili za mabasi, hadi nchi nisiyoijua. Kesho yake mama aliondoka kabla sijaamka. Alidhani itaniuma kidogo hivyo. Iliniuma zaidi, na hadi leo silali fofofo nikijua mtu atasafiri asubuhi.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Baba Kemi alikuwa mkulima wa kahawa na mwimbaji wa besi kanisani, mtu wa maneno machache. Kemi alikuwa rika langu, mwenye miguu mirefu na mdomo usiotulia. Na Mama Kemi mwenyewe alikuwa na sauti iliyofika hadi mwisho wa kibanja, shamba lao la migomba. Tangu alfajiri sauti ile ilimwita Kemi. We Kemi, kuni! Kemi, mbuzi yuko kwenye maharage! Kemi, hivi sufuria hii umeiosha au umeilamba? Nilihesabu siku moja: jina la Kemi liliitwa mara thelathini na moja kabla ya chakula cha mchana. Langu halikuitwa hata mara moja. Mimi nilikuwa "mgeni wetu". Nikishika ndoo, Mama Kemi aliipokea mkononi mwangu kwa upole akasema, "Mgeni wetu, kaa, upumzike." Nikichukua ufagio, Kemi alitumwa kuninyang'anya. Yai lilikuwa langu. Kipande kikubwa cha nyama kilikuwa changu, na Kemi alikitazama kikipita mbele yake, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo ningekuwa na akili ningelielewa mapema.

Shuleni walicheka lafudhi yangu, lakini shule ina kengele, inakwisha. Upweke wenyewe ulinisubiri kwenye kiti kile. Nilikaa nikisikiliza watu wakichapa kazi nyuma ya nyumba, wakibishana kwa Kihaya, wakicheka jambo ambalo nisingelielewa hata wangenitafsiria. Mtoto hajui kuyapanga mambo haya kwa maneno, lakini nilijua jambo moja: mgeni ni mtu anayeondoka, na mimi sikuwa na pa kuondokea. Nyumba yetu Voi ilikuwa imekwisha kupangishwa watu wengine. Nilitaka nitumwe. Nilitaka hata kofi, jamani, mradi liwe la mtoto wa nyumba ile. Jumapili mama alipopiga simu aliuliza, "Wanakutunza?" Nikajibu wananitunza sana, nikaenda kulia chooni.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Baba na Mama Kemi walikuwa wamekwenda mazishini Kamachumu tangu asubuhi, na Kemi alikuwa na mazoezi ya kwaya. Nikaachiwa chai kwenye chupa na amri ya kupumzika. Nilipumzika dakika kumi. Kisha nikachukua panga nyuma ya mlango nikaingia kibanjani. Nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi Kemi anavyofanya: unakata mgomba katikati, unainama taratibu, mkungu unakufikia mkononi. Nikachagua mkungu mkubwa kuliko yote, ulioegemezewa mti ili usianguke. Nilijikata kidole kidogo, sikujali. Nikamenya ndizi zote kwa kisu cha Mama Kemi, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Ndani ya ndizi mlikuwa na madoa ya kahawia yanayonata, nikasema moyoni labda ndizi za huku ndivyo zilivyo. Nikazipika na maharage, nikafunika kwa majani ya mgomba kama nilivyoona, nikachochea kuni mpaka macho yakavimba kwa moshi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile nikiwa peke yangu.

Walirudi jua likizama, wamechoka, wana njaa, nikapakua. Baba Kemi alisali, akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akanitazama. Kemi naye akaonja, akatema kiganjani, akapiga ukelele: "Mama! Amepika za pombe!"

Sikujua. Nani angeniambia? Kwa wenyeji, ndizi ya kupika na ndizi ya pombe ni vitu viwili kama mbuzi na mbwa, hata mtoto wa miaka minne hakosei, na ile ya pombe ukiipika ni chungu ajabu. Kwangu mimi mgomba ulikuwa mgomba. Mbaya zaidi, mkungu ule Baba Kemi alikuwa akiutunza kwa miezi, atengenezee pombe ya kumpokea kaka yake aliyekuwa anakuja kutoka Mwanza baada ya miaka mingi. Mama Kemi alichukua kurunzi akaenda kibanjani kuona. Tulimsikia kabla hajarudi.

"Wakesho! We Wakesho! Nani kakutuma huko? Una macho au una matundu? Mkungu wa baba yako unaukata kama kuni! Na hicho kidole kimefanya nini? Lete hapa nikione! Kesho hakuna kupumzika. Utakwenda na Kemi kukata nyasi, ukirudi utachota maji, na mbuzi kuanzia leo ni wako!"

Alinigombeza huku akinifunga kidole kwa kitambaa, anakaza kwa hasira mpaka nikapiga yowe. Nililia, naam, na wote walidhani ninalia kwa kuogopa. Alikuwa ameniita kwa jina langu. Alikuwa amesema baba yako. Baba Kemi aliendelea kuchagua maharage, akiziweka ndizi kando ya sahani, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Usiku ule Kemi alinisogezea blanketi akaniuliza kama kwetu tunakula pia majani.

Asubuhi tulipanda kilimani kukata nyasi. Viganja vyangu vilipasuka malengelenge, na nilitandika sebule nzima kwa mikono yangu mwenyewe, Mama Kemi akiwa mlangoni ananiambia nimerundika upande mmoja kama ninatandikia ng'ombe. Nilifundishwa migomba mmoja mmoja. Niliitwa mpaka jina likanichosha. Wiki saba tu. Kisha mama alirudi kabla ya wakati, mgonjwa wa mgongo, akaja kunichukua, nami nikamwamkia kwa heshima kana kwamba ni mama wa mtu mwingine. Siku ya kuondoka Mama Kemi alinifungia kisu chake cha kumenyea kwenye kitambaa. "Ili usisahau kazi," alisema.

Sikusahau. Miaka ishirini baadaye ninaishi Nairobi, kwenye nyumba ya kupanga yenye vigae vyeupe ambako sauti ni ya redio tu, na hakuna anayeliita jina langu kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Mwaka jana nilijipa likizo nikaenda. Kemi, ambaye sasa ni mwalimu na anaishi Rwamishenye, alinipokea Bukoba mjini tukaenda pamoja Muleba. Njiani nilimwambia mpango wangu: nitaingia moja kwa moja jikoni, nitamenya ndizi za mchana. Kisu kilikuwa kwenye mkoba. Kemi alicheka, akasema nyumba imebadilika, wameweka sakafu ya saruji, baba alipofariki wakaezeka upya, na hakuna tena anayetandika nyasi isipokuwa kukiwa na jambo kubwa.

Niliisikia harufu kabla ya kufika mlangoni. Nyasi mbichi, nene, ukuta hadi ukuta juu ya saruji. Mama Kemi, aliyesinyaa sasa na kupinda mgongo, alikuwa amemtuma mtu tangu jana yake azitafute. Alinipokea kwa mikono miwili. Akanipa kikapu cha kahawa, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu mumewe. Nilipoinuka kuelekea jikoni alinishika mkono.

"Kaa, mgeni wetu, upumzike. Utachafua nguo."

Kisha akageukia uani, na sauti ikatoka ile ile, haikuzeeka hata kidogo: "We Kemi! Maji yamechemka, umesimama hapo kama nguzo!" Kemi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, akakimbia huku akinung'unika. Nilimwonea wivu. Nikavua viatu, nikachukua punje tatu za kahawa, nikashukuru kama mgeni anavyoshukuru. Nikakaa, mkoba wenye kisu miguuni pangu.